Muungwana na Kinyume Chake

Wafasiri wetu wanapokutana na neno la Kiingereza "gentleman" huandika "muungwana", na kwa matumizi ya siku hizi hawakosei. Hata hivyo maneno haya mawili hayakuzaliwa nyumba moja, na afasiriye habari za kale hana budi kujua yalikotoka.

Neno la Waingereza lilianza kwa nasaba: mtu wa ukoo bora, aliyeishi kwa mapato ya ardhi yake pasipo kazi ya mikono. Sifa ya tabia njema ilifuata baadaye. Muungwana naye alijulikana kwa kuzaliwa, lakini kinyume chake hakikuwa kibarua, kilikuwa mtumwa. Wahenga walisema, "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo." Leo twaitaja nusu ya pili peke yake, hasa katika hotuba, na yule mja tumemwacha njiani.

Neno hili lilifika bara pamoja na misafara ya karne ya 19. Wapagazi na askari wa misafara kutoka Unguja, ambao wengi wao walikuwa watumwa au waliopata kuwa watumwa, walijiita waungwana walipokwisha kuipa pwani kisogo. Nasi hatuoni ajabu: jina walilonyimwa nyumbani walijipa wenyewe ugenini. Kwa wenyeji wa bara, basi, muungwana akawa mtu wa pwani, mwenye nguo na bunduki. Na huko Kongo Kiswahili chenyewe kikaitwa Kingwana.

Uzito wa jambo hili waonekana vema katika nchi ya Wasafwa. Utengule, karibu na Mbalizi, palikuwa na boma la Merere, mtawala wa Wasangu aliyeondoshwa Usangu na Wahehe. Katika miaka ya 1890 Wamoraviani walijenga misheni hapo, na mmishenari wao Elise Kootz-Kretschmer aliandika simulizi za maisha ya wanawake waliotekwa na kubadilishwa kwa bidhaa. Afasiriye simulizi za namna hii afanyeje? Akimwita mwanamke aliyekombolewa "muungwana", msomaji wa leo atadhani anasifiwa adabu zake; naye msomaji ajuaye lugha ya zamani atadhani alizaliwa huru. Pwani mtu wa hali hiyo aliitwa "huru", na twaona neno hilo ndilo limfaalo. Tena tukumbuke kwamba neno la Kiingereza ni la wanaume tu, ilhali muungwana aweza kuwa mwanamke.

Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1922. Hali ya kuzaliwa ilipokosa nguvu, tabia ndiyo iliyobaki katika neno. Mstaarabu lilikuwa limekwisha kushika sehemu ya nafasi hiyo, likiwa na harufu yake ya Uarabu. Ndugu, lililoenea katika barua na mikutano ya miaka ya ujamaa, halikumtenga mtu yeyote kwa ukoo wake.

Liko jambo moja la kazi za ofisini. "Makubaliano ya kiungwana" ni makubaliano yasiyotiwa sahihi, yanayowafunga watu kwa heshima yao. Tumeona wasomaji wakiyafahamu kuwa ni mapatano yaliyofanywa kwa upole, bila ugomvi. Katika jalada la serikali kosa hilo laweza kuleta hasara, kwa kuwa mtu atautafuta mkataba ambao haukuandikwa. Twapendekeza iandikwe "makubaliano ya kiungwana yasiyoandikwa", ingawa ni marefu.