Kibanda Katika Kiwanja cha Mtu

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Lushoto, Soni, Mlalo, Mtae na Bumbuli, na popote pengine mlipo, natumaini mmekwisha kukaa, na madaftari yenu yako tayari. Mwenye kalamu na ashike kalamu. Asiye nayo na asikilize kwa makini, kisha amwulize jirani yake.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya vita na wafalme peke yake. Ni historia ya kitu cha bure. Tutauliza swali moja: mtu mwenye biashara ndogo akipewa bure mahali pa kutangazia biashara yake, je, hulipa nini baadaye?

NJIA YA MAZINDE

Tuanze hapa hapa nyumbani. Ukisimama Irente, karibu na mji wa Lushoto, ukatazama chini, utaona nchi tambarare imekunjuka mpaka macho yachoke. Chini kabisa, karibu na mguu wa mlima, ndipo ilipo Mazinde.

Zamani mji mkuu wa Wakilindi ulikuwa Vuga, juu mlimani. Huko alitawala Kimweri ye Nyumbai mpaka alipokufa mwaka 1862. Lakini katika siku zile misafara ya wafanya biashara, wenye nguo, bunduki na pembe za ndovu, ilipita chini tambarare, katika bonde la Pangani. Mwanawe Kimweri aliyeitwa Semboja alikaa Mazinde, kando ya njia ile. Kimweri alipokufa, Semboja alipigana na waliorithi kiti, akashinda. Hata hivyo hakupanda kukaa Vuga. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu huko juu, naye mwenyewe akabaki Mazinde.

Kwa nini alibaki? Kwa sababu alifahamu ya kuwa mwenye njia ana nguvu kuliko mwenye mali inayopita njiani. Mfanya biashara alikuwa na mizigo mingi, lakini ardhi aliyopigia kambi haikuwa yake. Katika njia nyingi za misafara mwenye nchi alitaka hongo, naye ndiye aliyesema itakuwa kiasi gani. Leo kidogo, kesho nyingi, na kesho kutwa njia imefungwa.

Andikeni neno hili katika madaftari: NJIA SI YANGU. Tutalirudia baadaye.

KITU KINACHOITWA TOVUTI

Siku hizi wengi wetu wana simu za mkononi, na ndani ya simu hizo mna njia nyingine ya misafara, nayo huitwa intaneti. Tovuti ni kurasa za habari ambazo mtu huziweka katika njia hiyo, ili mtu aliye Dar es Salaam, au Nairobi, au Ujerumani, apate kuzisoma. Kurasa hizo hazikai hewani. Hukaa ndani ya mashine kubwa iitwayo seva, na kila seva ina mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana nyumba ya wageni yenye vyumba vinne huko Soni. Kijana mmoja huwaongoza wageni kwa miguu katika msitu wa Magamba. Bwana mmoja hulima kabichi na karoti, na hupeleka matenga ya nyanya mjini. Kila mmoja wao ataka kujulikana. Akitaka tovuti, yampasa apate vitu viwili: jina, yaani anwani ya kumfikia, na mahali katika seva pa kuweka kurasa zake. Vyote viwili huwa na ada. Lakini zipo kampuni zinazosema, "Njoo, sisi tutakupa bure." Naye mwenye biashara ndogo, ambaye hana fedha nyingi, hufurahi na kuingia.

Simlaumu. Hata mimi niliingia, nanyi mtasikia habari hiyo punde.

MJI ULIOFUTWA

Tovuti ya kwanza ya dunia ilitengenezwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha wataalamu wa sayansi huko Uswisi. Katika mwaka 1993 kituo kile kiliwapa watu wote ruhusa ya kuutumia ufundi huo bila malipo. Huo ulikuwa ubure wa kweli, kwa maana hawakuutaka tena.

Mwaka uliofuata, 1994, ilianzishwa Marekani kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities. Hii iliwapa watu mahali pa bure pa kuweka kurasa zao. Iligawanya mahali hapo kama mji wenye mitaa, na kila mtu akachagua mtaa wake. Watu wengi sana waliingia. Kampuni ilipata fedha zake kwa kuweka matangazo ya watu wengine katika kurasa hizo.

Katika mwaka 1999 kampuni nyingine, Yahoo, iliinunua GeoCities pamoja na mitaa yake yote. Wakazi hawakuulizwa. Mwaka huo huo yakatoka masharti mapya yaliyoonekana kuipa kampuni haki kubwa juu ya maandishi na picha za watu. Watu walikasirika, wakapiga kelele, na masharti hayo yakabadilishwa. Lakini kila mwenye akili alikuwa amekwisha kuona nani mwenye kiwanja.

Miaka kumi baadaye, tarehe 26 Oktoba 2009, GeoCities ikafungwa. Mamilioni ya kurasa yaliondolewa. Watu waliojitolea walikimbilia kunakili walizoweza, kama watu wanaotoa vyombo katika nyumba inayoungua.

Sasa angalieni jambo hili. Ni katika mwaka huo huo wa 2009, mwezi wa Julai, waya mkubwa wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulipoanza kazi Dar es Salaam, na intaneti ikaanza kuwa ya haraka zaidi katika nchi yetu. Maana yake, sisi tulifunguliwa mlango mwaka ule ule ambao wenzetu walikuwa wakitolewa nje. Lakini habari zao hazikutufikia kama somo. Tukaingia katika viwanja vingine vya bure kana kwamba ndio mwanzo wa dunia.

MAJINA YA BURE

Viko visiwa vidogo katika bahari ya Pasifiki viitwavyo Tokelau, vilivyo chini ya New Zealand. Kila nchi ina herufi zake za kumalizia majina ya tovuti. Sisi herufi zetu ni tz, nao herufi zao ni tk. Kampuni moja ya Uholanzi, Freenom, iligawa bure majina yenye herufi hizo, na kadhalika majina yenye herufi za Mali, Gabon na nchi nyingine za Afrika. Katika masharti yake, aliyepewa jina la bure hakuwa mwenye jina. Alikuwa mtumiaji tu.

Basi palipo na kitu cha bure, mwizi naye hufika. Matapeli walipenda sana majina hayo, na watu wema wenye majina kama hayo wakaanza kutiliwa shaka pamoja nao. Katika mwaka 2023 ilijulikana ya kuwa kampuni ya Meta, yenye Facebook, imefungua kesi juu ya Freenom. Freenom ikaacha kuandikisha majina mapya. Mwaka huo Gabon na Mali zikachukua herufi zao. Mwezi wa Februari 2024 Freenom ikatangaza ya kwamba inaacha kazi ya majina kabisa.

Si kampuni ndogo tu. Google, ambayo ni kampuni kubwa mno, ilianza mwaka 2017 kuwapa wenye biashara ndogo tovuti za bure. Mwezi wa Machi 2024 ilizifunga. Kwa muda mfupi, mtu aliyefuata anwani ya zamani alipelekwa mahali pengine palipoandikwa habari za biashara ile. Lakini baada ya tarehe 10 Juni 2024 hata kichochoro hicho kikazibwa. Haki isemwe: kampuni ilitoa habari mapema. Lakini habari humsaidia aliyeisoma.

Tena, hapana haja ya kufungwa moja kwa moja. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Mwenye duka asiyekuwa na njia nyingine ya kuonana na wateja wake alikaa gizani mpaka usiku.

KOSA LANGU

Niliahidi kuwaambia habari yangu. Miaka michache iliyopita niliwasaidia akina mama wa kikundi kimoja cha kusuka vikapu, huku huku mlimani, kufungua tovuti ya bure. Hatukulipa hata senti moja. Tulipiga picha za vikapu, tukaandika bei, na jina la tovuti likachorwa juu ya ubao kando ya barabara. Wageni walianza kuandika, na mizigo miwili mitatu ikauzwa ng'ambo.

Kisha ile huduma ikafungwa. Onyo lilikuwa limeletwa kwa barua-pepe, kwa Kiingereza, katika anwani yangu niliyokuwa nimeacha kuisoma. Tulipokuja kujua, kurasa zilikuwa zimekwisha kutoweka, na picha, na majina ya wateja, kwa maana hatukuwa tumeyaandika mahali pengine. Ule ubao ulibaki umesimama, ukiwaelekeza watu mahali pasipokuwapo.

Mama mmoja, mzee kwangu, akaniuliza, "Mwalimu, kwani sisi tulikosa nini?" Sikuwa na jibu zuri. Wao hawakukosa. Mimi ndiye niliyesoma, na mimi ndiye niliyeacha kuuliza kiwanja ni cha nani. Wahenga wamesema: Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na tena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali zote mbili nilizijua, nami nikafundisha watoto shuleni, lakini sikuzitumia.

HASARA ZENYEWE

Sasa tuzihesabu hasara, moja moja. Ziandikeni.

Kwanza, anwani si yako. Mara nyingi jina la kampuni hukaa ndani ya jina lako. Siku ukihama, anwani hubaki nyuma, na mteja hupotea.

Pili, matangazo. Kampuni hutaka kula. Katika ukurasa wako wa nyumba ya wageni huenda likawekwa tangazo la hoteli ya mtu mwingine, nawe huwezi kuliondoa bila kulipa.

Tatu, masharti hubadilika. Leo picha mia, kesho picha kumi, na zilizozidi utalipia.

Nne, kuhama ni kugumu. Huduma nyingine hazikupi njia rahisi ya kubeba kurasa zako kwenda kwingine. Ni kama nyumba ambayo milango yake hufunguka kwa kuingilia tu.

Tano, ulinzi huweza kuwa hafifu. Mwaka 2015 ilijulikana ya kuwa maneno ya siri ya watu wapata milioni 13 yaliibwa katika huduma ya bure iliyoitwa 000webhost, nayo yalikuwa yamehifadhiwa wazi, bila kufichwa. Nasi Tanzania tuna sheria ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ukiweka majina na namba za wateja wako, ni amana mikononi mwako.

Sita, ukipata taabu, mara nyingi hapana mtu wa kumpigia simu. Asiyelipa hana daraja la kudai.

TUFANYE NINI?

Je, nasema msitumie kitu cha bure kamwe? La. Mtu asiye na mtaji na aanze nacho, ajifunze, aone kama wateja wapo. Lakini mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Biashara ikianza kuleta fedha, toa sehemu kidogo ununue jina lako mwenyewe, kama lile la herufi .co.tz, kwa muuzaji aliyeandikishwa. Hakikisha limeandikwa kwa jina lako au la kikundi, si la kijana aliyekusaidia. Ukiwa na jina lako, hata seva ikifungwa, utahamisha kurasa zako na wateja watakufuata kwa anwani ile ile.

Weka nakala ya picha na maandishi nyumbani. Andika wateja katika daftari la karatasi. Andika pia siku ya kulipa ada, ili jina lisikutoke. Barua za kampuni zipelekwe kwa watu wawili, si mmoja. Na juu ya ubao wako wa barabarani, chini ya anwani, andika namba ya simu.

Kile kikundi cha akina mama sasa kina jina lake. Ada hulipwa kila mwaka katika fedha za vikapu, na katibu wao, aliyejifunza kusoma katika darasa kama hili lenu, ndiye mwenye kushika daftari. Ubao ule wameupaka rangi upya.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Kwa nini Semboja alikaa Mazinde badala ya Vuga?
2. Ni mambo gani mawili yaliyotokea mwaka 2009?
3. Mwenye jina la bure na mwenye jina lake mwenyewe wana tofauti gani?
4. Katika kijiji chenu, nani ana biashara iliyomo katika kiwanja cha mtu mwingine? Jadilianeni namna ya kumsaidia.

Sasa rudieni pamoja lile neno mliloandika mwanzo: NJIA SI YANGU. Chini yake ongezeni hili: LAKINI JINA NA DAFTARI NI VYANGU.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha.