Injili za Garima: nakshi za Aksum ambazo wataalamu walikataa umri wake

Vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, vya mwaka 2020 hadi 2022 viliua watu wengi mno, na havikuacha salama makanisa wala misikiti ya kale. Miongoni mwa vitu vilivyohofiwa kupotea ni vitabu vya Injili vinavyotunzwa katika monasteri ya Abba Garima, karibu na Adwa. Mji huo wengi wetu tunaujua kwa jambo moja tu, ushindi wa Menelik dhidi ya Waitaliano mwaka 1896. Laiti tungejua pia kwamba jirani yake pamehifadhiwa vitabu vya Injili vyenye nakshi ambavyo ni vya kale kuliko karibu vyote vilivyobaki duniani.

Vimeandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mbuzi, kwa lugha ya Ge'ez, safu mbili kila ukurasa. Herufi zake ni nene, zimesimama wima, na hazina kubwa wala ndogo. Jambo hilo liliamua sura nzima ya kitabu. Watawa wa Ireland waliochora Kitabu cha Kells, karibu mwaka 800, waliikuza herufi ya kwanza mpaka ikameza ukurasa. Mwandishi wa Ge'ez aliziacha herufi zake zikalingana, akazipeleka rangi kwingine. Katika Injili za Garima utaziona kwenye kurasa za mwanzo, penye majedwali ya Eusebius wa Kaisaria yanayoonyesha mahali Injili nne zinapokubaliana. Kila jedwali limewekwa chini ya tao lenye nguzo za rangi, na juu yake wametua ndege. Kuna pia picha za wainjilisti. Marko peke yake ameketi kitini.

Mapokeo ya watawa yanasema Abba Garima, mmoja wa Watakatifu Tisa waliokuja katika ufalme wa kale wa Aksum kutoka dola ya Kirumi, aliandika Injili kwa siku moja, na Mungu akalichelewesha jua lisitue hadi amalize kazi.

Wasomi wa Ulaya hawakuyapa mapokeo hayo uzito wowote. Mwaka 1950 hivi, msanii Mwingereza Beatrice Playne alifika kwenye monasteri hiyo. Wanawake hawaruhusiwi kuingia, basi watawa wakamtolea vitabu nje akavitazama. Aliona mara moja kwamba picha zile zina asili ya kale sana, zinafanana na kazi za Wakristo wa Syria. Hata hivyo, wataalamu walioandika baada yake waling'ang'ania karne ya 10 au ya 11, na wengine wakasogea mbele zaidi. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna mwandiko mwingine wa Ge'ez wa zamani hivyo wa kulinganisha nao. Kukosekana kwa vitabu vingine kukageuzwa ushahidi dhidi ya vile vilivyopo! Sidhani kama vitabu vya Ulaya vingehukumiwa hivyo.

Mfaransa Jacques Mercier ndiye aliyeupeleka ubishi huo maabara. Vipande vidogo vya ngozi vilipimwa Oxford kwa kaboni, na majibu yakaangukia kati ya karne ya 4 na ya 7. Watawa walikuwa karibu na ukweli kuliko maprofesa. Katika kitabu chao cha mwaka 2016, watafiti Judith McKenzie na Francis Watson wanakwenda mbali zaidi: wanashikilia kwamba Injili hizo zilinakshiwa katika ufalme wa Aksum wenyewe, na si kazi iliyoagizwa kutoka ng'ambo. Mimi nakubaliana nao.

Sanaa hiyo haikukoma na Aksum. Kuanzia karne ya 14 ulistawi mtindo wa harag, utepe wa mistari iliyosukwa unaotambaa juu ya maandishi na kushuka pembeni. Wafuasi wa mtawa Estifanos, walioteswa na Mfalme Zara Yaqob katika karne ya 15, waliacha katika monasteri ya Gunda Gunde nakshi za pembe na mistari zisizofanana na za mtu mwingine. Baadaye mji wa kifalme wa Gondar ukaleta mwandiko wa herufi pana za kifahari.

Kisha ikaja Magdala. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza lilimshinda Mfalme Tewodros katika ngome yake ya Magdala na kupora hazina yake. Simulizi za wakati huo zinataja ndovu 15 na nyumbu karibu 200 walioibeba. Miswada kama 350 ya Magdala iko London hadi leo, katika Maktaba ya Uingereza, na madai ya Ethiopia kutaka irudishwe hayajapata jibu la maana.

Injili za Garima hazikupatwa na yaliyotokea Magdala. Ukarabati wake wa mwaka 2006 ulifanyika palepale monasterini, mbele ya watawa, na kurasa zilizokuwa zimechanganywa zikaanza kurudishwa mahali pake. Mafundi ndio waliosafiri kutoka Uingereza kuvifuata vitabu.