Kengele, gereza na moyo: historia ndani ya maneno ya Kiingereza

Haya wasomaji, leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumze historia. Sisi waandishi wa programu tunashinda na maneno ya Kiingereza mdomoni: clock, deadline, record, memory. Tunayatamka kana kwamba yalizaliwa pamoja na tarakilishi. La hasha! Ni maneno makongwe, na kila moja bado limebeba kile walichokiona watu walioanza kulitumia.

Tuanze na "clock". Asili yake ni "clocca", neno la Kilatini cha Zama za Kati lenye maana ya kengele. Saa nyingi za kwanza za mitambo huko Ulaya hazikuwa na uso wala mishale. Kazi yake ilikuwa kugonga kengele tu. Saa ya kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, inayokadiriwa kuwa ya mwaka 1386, haina uso mpaka leo. Ndiyo sababu Mwingereza husema "seven o'clock", kifupi cha "of the clock": saba kwa hesabu ya mtambo, si kwa hesabu ya jua. Zama hizo hesabu zote mbili zilikuwapo, kwa hiyo ilibidi useme unatumia ipi.

"Deadline" lina damu. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kusini lilifungua gereza la mateka huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ukuta paliwekwa uzio mwepesi wa mbao. Mfungwa akiuvuka, mlinzi alimpiga risasi. Huo ndio uliitwa "dead line". Kati ya wafungwa wapatao 45,000 waliopitia humo, karibu 13,000 walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Mkuu wa gereza, Henry Wirz, alinyongwa Novemba 1865. Karne ya 20 ilipoanza, neno lilihamia kwenye magazeti ya Marekani na kuwa saa ya mwisho ya kupeleka habari. Bosi akikuuliza kuhusu deadline, shukuru kwamba sisi tunalo neno "makataa".

Sasa tuje kwenye kukumbuka. "Record" linatokana na Kilatini "recordari", kukumbuka, na ndani yake mna "cor", yaani moyo. Kukumbuka kulikuwa kukirudisha kitu moyoni. Mwingereza aliyekariri somo husema amejifunza "by heart". Kwa hiyo kila safu ya hifadhidata yako, hata ile ya bei za vitunguu, inaitwa kwa jina la moyo.

"Memory" nalo lingeweza kutupita kabisa. Miaka ya 1830, Charles Babbage alipobuni mashine yake ya hesabu, sehemu ya kutunzia namba aliiita "store", yaani ghala. Kisha Juni 1945 John von Neumann akaandika ripoti kuhusu tarakilishi ya EDVAC. Alilinganisha sehemu za mashine na neva za binadamu, na ghala akaliita "memory". Waingereza wengi waliendelea kusema "store" kwa miaka mingi, lakini neno la von Neumann ndilo lililoenea. Tangu hapo tunasema mashine inakumbuka, ilhali inachofanya ni kuweka na kutoa.

Kwa nini haya yatuhusu? Kwa sababu tukiandika programu kwa Kiswahili, sisi ndio tunaochagua maneno. Pengine tunabahatika. Kitufe cha "Hifadhi" kinatumia kitenzi kile kile cha mtoto wa madrasa anayehifadhi Kurani, na cha mtu anayehifadhi mali isipotee. Moyo na ghala viko ndani ya neno moja.

Kwa saa, hatuna bahati hiyo. Kiswahili kilibaki na hesabu ya jua: jua likishachomoza, saa ya kwanza ikipita, ni saa moja. Tarakilishi ilirithi hesabu ya ile kengele. Wengi wetu tumezoea kuona 7:00 na kutamka "saa moja" bila hata kufikiri. Lakini programu inayosoma ujumbe kwa sauti haina mazoea hayo. Ikimwambia mgonjwa "kunywa dawa saa saba asubuhi", imetaja saa ambayo kwa Kiswahili haipo. Akingoja saa saba ya mchana, amechelewa kwa saa sita.

Dawa yake ni hesabu fupi. Chukua saa ya mfumo wa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12, ubaki na salio. Salio likiwa sifuri, andika 12. Mfano: 7 jumlisha 6 ni 13, salio 1, saa moja. Kisha ongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, maana bila hayo saa moja ni mbili.

Ni mistari michache tu ya msimbo. Kabla hujatoa programu yako ya Kiswahili, ifanye ikusomee saa kwa sauti, na umwite nyanya yako aisikilize.