Mhanga wa Misheni ya Masasi: Nafasi ya Watumwa Waliokombolewa, 1876–1897

Historia ya Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati (UMCA) imezoea kusimuliwa kwa kuhesabu makaburi ya Wazungu. Askofu Charles Mackenzie, aliyeongoza msafara wa kwanza hadi Magomero, katika nyanda za juu za Shire, mwaka 1861, alifariki kwa homa Januari 1862. Wenzake kadhaa walimfuata kaburini, na kufikia 1864 mrithi wake, William Tozer, alikwisha kuihamishia misheni Unguja. Vifo hivyo havistahili kubezwa. Hata hivyo, hesabu hiyo ina pengo, kwa kuwa inawaacha nje Waafrika waliotangulizwa bara kwa jina la misheni, ambao homa au vita vilipozidi hawakuwa na Uingereza ya kurejea.

Masasi inalidhihirisha pengo hilo kuliko mahali pengine. Mwishoni mwa 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja kupitia Lindi akiwa na watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wamekombolewa utumwani na kulelewa chini ya misheni. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, walikotekwa wengi wao. Walipofika chini ya majabali ya Masasi, wasafiri hao waliona inafaa kukaa papo hapo, naye Steere akakubali. Jambo hili hutajwa kwa sentensi moja tu katika masimulizi mengi, ilhali lina uzito: mahali pa kituo hakikuuamua ramani ya askofu, bali waliamua watu ambao hapo awali hawakuwahi kuulizwa wapelekwe wapi. William Percival Johnson aliachwa nao. Chauncy Maples alijiunga mwaka uliofuata. Kufyeka pori, kujenga, kulima na kuzoeana na Wayao na Wamakua wa jirani ni kazi iliyowaangukia zaidi walowezi hao kuliko mapadri wawili wageni.

Mwaka 1882 ulikuwa mwaka wa msiba. Steere alifariki Unguja mwezi Agosti. Mwezi uliofuata Wangoni, waliojulikana kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi. Kijiji kiliharibiwa, baadhi ya wakazi waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Wamisionari walisalimika. Swali la silaha lilikuwa gumu kwao tangu Magomero, ambako matumizi ya bunduki dhidi ya Wayao waliofanya biashara ya watumwa yaliilletea misheni lawama kali nchini Uingereza. Lakini gharama ya ugumu huo hawakuilipa wao. Mtu aliyeokolewa kwenye jahazi la watumwa, akafundishwa, akarudishwa bara awe ushahidi wa uhuru, sasa alikuwa mateka kwa mara ya pili. Ikiwa neno mhanga lina maana yoyote katika historia hii, basi hapa ndipo panapostahili kuanzia uchunguzi.

Baada ya uvamizi, sehemu ya kazi ilihamia Newala, kwa Matola. Huko Chitangali, kwa Nakaam, aliwekwa Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akasomeshwa Kiungani na baadaye Canterbury. Alipewa ushemasi mwaka 1886 na upadri mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Aliishi na familia yake mbali na vituo vya Wazungu, akahubiri kwa lugha aliyozaliwa nayo, na usharika ukakua chini ya uangalizi wake mwenyewe.

Maples alizama katika Ziwa Nyasa mwaka 1895, mara baada ya kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Likoma, na kifo chake kikaandikiwa kumbukumbu nyingi. Majaliwa alirejea Unguja mwaka 1897, baada ya takriban miaka kumi na moja ya utumishi bara. Majina ya wengi wa wale waliotembea kutoka Lindi mwaka 1876 hayaonekani kabisa katika vitabu vinavyosimulia kuanzishwa kwa Masasi.