Kifungo Kisichotajwa Kikomo

Tarehe 1 Agosti 1831, mbele ya gereza la Maidstone katika jimbo la Kent, halaiki ya watu ilishuhudia kunyongwa kwa John Bell, mvulana wa miaka 14, aliyekuwa amemwua mtoto wa miaka 13 kwa tamaa ya shilingi 9 za msaada wa maskini ambazo marehemu alikuwa akimpelekea baba yake. Sheria ya Uingereza ya zama zile ilimdhania mtoto aliye kati ya miaka 7 na 14 kuwa hajui kupambanua jema na ovu, ingawa dhana hiyo iliweza kubatilishwa kwa ushahidi. Bali aliyekwisha timiza miaka 14 alihukumiwa sawasawa na mtu mzima, na hukumu ya kuua kwa kukusudia ilikuwa moja tu.

Kwa watoto wenye makosa mengineyo huruma ilitangulia kufika. Mwaka 1838 jela ya Parkhurst ilitengwa kwa ajili ya wavulana, japo walitiwa pingu za miguu, na mwaka 1854 sheria ikazitambua shule za kurekebisha tabia, ambazo Bibi Mary Carpenter wa Bristol alizipigania kwa moyo wote, asikubali kamwe sharti la kwamba mtoto aonje kwanza jela siku 14.

Sheria ya Watoto ya mwaka 1908 ndiyo iliyokiondoa kitanzi. Kifungu chake cha 103 kilikataza hukumu ya kifo isitamkwe juu ya aliye chini ya miaka 16, na badala yake kikaamuru azuiliwe kwa muda atakaopenda Mfalme, mahali na kwa masharti atakayoagiza Waziri. Na sheria ya mwaka 1933 ikaupandisha umri huo hadi miaka 18. Hatua hiyo naitaja kwa heshima, maana iliokoa roho za watoto. Lakini hukumu yenyewe haikuwa na siku, wala mwezi, wala mwaka: jaji, aliyemwona mtoto kizimbani na kuwasikiliza mashahidi kwa masikio yake, alimaliza kazi yake pale pale, na tangu saa ile ujana wa mfungwa ukawa amana mikononi mwa wakuu wa serikali, ambao huenda wasingemtia machoni maisha yao yote, na ambao walikuwa na kura za kutafuta na ghadhabu ya umma ya kuogopa.

Hayo yalidhihirika baada ya Februari 1993, watoto wawili wa miaka 10 walipomwua mtoto wa miaka 2 mjini Liverpool. Msiba wa wazazi wa marehemu hauna kipimo, wala mwenye insafu hataudharau. Jaji aliyeisikiliza kesi alipendekeza wauaji wasizuiliwe chini ya miaka 8. Jaji Mkuu akasema 10. Naye Waziri wa Mambo ya Ndani, Michael Howard, baada ya kupokea maombi yaliyotiwa saini na zaidi ya watu 270,000, akaweka 15. Watoto ni wale wale, jinai ni ile ile, na miaka 7 iliyozidi kati ya kauli ya kwanza na ya mwisho haikuzaliwa mahakamani. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba waziri hastahili kuweka kipimo hicho, na mwaka uliofuata Jaji Mkuu Woolf akakirudisha kwenye miaka 8.

Sharti lile lile la kifungo kisicho na kikomo lilikwisha vuka bahari pamoja na utawala wa kikoloni. Kifungu cha 25 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kiliamuru kwamba aliyeua kabla ya kutimiza miaka 18 azuiliwe kwa muda atakaopenda Rais, na hali ikadumu hivyo miaka mingi baada ya uhuru, hata watu 7 waliohukumiwa kwa makosa ya utotoni wakafungua shauri. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliwakubalia: Katiba ya 2010, katika ibara ya 53, yataka mtoto asizuiliwe ila pakosekanapo njia nyingine, tena kwa muda mfupi kadiri ifaavyo, na kuupima muda huo ni kazi ya mahakama, si ya mkuu wa dola.