Mbung'o, Wapagazi na Ukurasa wa Mwisho

Ukitaka kujua kwa nini pembe za ndovu zilitoka Tabora hadi Bagamoyo mabegani mwa watu, usiishie kwa wafanyabiashara. Uliza pia habari za mbung'o.

Leo mwenye mzigo mjini Tabora hutafuta lori au treni. Katika karne ya 19, Unyanyembe, eneo la Tabora, ilipokuwa njia panda ya misafara, mzigo ulikwenda kwa miguu. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi, na sehemu ya sababu ilikuwa porini: ng'ombe na punda waliopitishwa kwenye miyombo yenye mbung'o walikonda, kisha wakafa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alijaribu njia nyingine. Tembo wanne wa India waliteremshwa Msasani, Dar es Salaam, wakaanza safari ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wengi wao walifia njiani. Wapagazi wakaendelea kubeba, mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Muuaji wa mifugo alikwisha kujulikana wakati huo. Mwaka 1895, huko Zululand, David Bruce aliona katika damu ya ng'ombe wagonjwa wa nagana kimelea kiitwacho tripanosoma, kinachoenezwa na mbung'o. Ndugu za kimelea hicho huwapa binadamu malale. Mwaka 1910 Ronald Ross na David Thomson walihesabu vimelea kila siku katika damu ya mgonjwa mmoja wa malale, wakaona jambo la ajabu: idadi hupanda, hushuka karibu na kwisha, kisha hupanda tena.

Kila kimelea huvaa koti la molekuli zipatazo milioni 10 za protini ya aina moja. Kinga ya mwili ikishalitambua koti hilo, huwaua wanaolivaa. Lakini wachache huwa wamekwisha kubadili koti, na hao ndio huanzisha wimbi jipya. Tripanosoma ana jeni zaidi ya 2,000 za makoti, nyingi zikiwa mbovu au vipande tu, na huvaa koti moja kwa wakati mmoja. Jeni inayotumika hukaa karibu na ncha ya kromosomu.

Hapo ndipo siri ilipo. Chukua kitabu kilichochanika, kurasa za mwisho zimepotea. Unaazima nakala ya jirani, unatafuta mstari unaofanana na ule ulioishia, kisha unanakili kuanzia hapo hadi tamati. Chembe hai nazo hufanya hivyo: ncha iliyokatika ya kromosomu hutafuta DNA inayofanana nayo, hujishikiza hapo, na kunakili hadi mwisho. Hata chembe za binadamu zinayo njia hii. Kasoro yake ni moja: mwisho wa kitabu cha jirani ukiwa tofauti na wako, hadithi yako nayo itaisha kwa namna nyingine.

Kwetu hiyo inaweza kuwa hasara. Kwa tripanosoma ni uhai. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliikata kwa makusudi DNA ya kimelea hicho karibu na jeni ya koti. Vimelea viliziba pengo kwa kunakili kutoka kwingine, na kasi ya kubadili koti iliongezeka takriban mara 250. Jeraha likawa mlango wa kutorokea.

Ndiyo maana malale hayana chanjo hadi leo. Kinga ikijifunza ukurasa mmoja wa mwisho, mwingine umekwisha kunakiliwa. Vita vimebaki kwenye mitego ya mbung'o, upimaji wa damu na dawa, na mrina asali anayeingia miyombo ya Tabora bado ana sababu ya kumwogopa inzi huyo. Wapagazi walijua pori lipi huua punda. Kilichowashinda kukiona ni kitabu kidogo ndani ya damu, ambacho kila kikichanika hupata mwisho mpya.