Nyuso za Watoto wa Manowari Daphne na Njia ya Rufiji

Miongoni mwa picha za kale zinazowaonyesha watoto wa Afrika Mashariki zimo zile zilizopigwa mwaka 1868 kwenye sitaha ya Daphne, manowari ya Uingereza iliyoongozwa na Kapteni George Sulivan, ambazo sasa zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za nchi hiyo pamoja na barua za serikali kuhusu utumwa. Watoto hao walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini, wakati bandari kuu ya biashara ya watumwa ilikuwa Kilwa Kivinje, kusini mwa delta ya Rufiji, na wengi wa waliopitishwa hapo walitoka pande za Ziwa Nyasa. Wameketi wamebanana, miili imekonda, na nyuso zimetulia kwa namna ambayo mtazamaji wa leo huiita huzuni bila kusita.

Utulivu huo haufai kusomwa kwa haraka hivyo. Picha za wakati ule zilipigwa kwa kolodioni, yaani ute wa kemikali uliopakwa juu ya kioo na kutumiwa ungali mbichi, na aliyepigwa alilazimika kutulia kwa sekunde kadhaa ili sura yake isivurugike. Kwa hiyo hata mtoto wa tajiri aliyepambwa na kusimamishwa mbele ya pazia la studio alitoka na uso mkavu. Lililo zito zaidi ni hofu. Maafisa wa manowari za Uingereza waliandika kwamba mateka waliambiwa na waliowasafirisha kuwa Wazungu hula watu, na mtoto aliyesikia hayo, kisha akaelekezewa chombo cha ajabu asichokijua, hakuwa na sababu ya kujiona ameokolewa. Tena uhuru wenyewe haukuwa kurudi kwao, kwa kuwa walioachiwa huru walipelekwa Aden, Bombay au Shelisheli.

Hata hivyo picha ilikwisha kupewa maana yake. Sulivan alichapisha mwaka 1873 kitabu kuhusu uwindaji wa majahazi, chenye michoro iliyotokana na picha, na kwa wasomaji wa Uingereza mtoto aliyekonda akawa alama ya dhuluma inayongoja mkono wa manowari. Alama hiyo haikuwa ya uongo, ila ilimweka baharia katikati ya kisa na kumwacha mtoto bila jina, bila ukoo na bila kwao.

Tarehe 5 Juni mwaka huohuo Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Wafanyabiashara wa Kilwa wakahamia nchi kavu, wakiwapitisha mateka kwa miguu kuelekea kaskazini na kuvuka mto Rufiji, katika eneo ambalo leo limegawanyika kati ya wilaya za Kibiti na Rufiji. Kapteni Frederic Elton, afisa wa ubalozi wa Uingereza aliyepita njia hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, aliwahesabu kwa maelfu, watoto wakiwamo, na ushahidi wake ukawa wa tarakimu na maelezo. Picha ya Daphne, ambayo mara nyingi husimama badala ya historia nzima ya utumwa wa pwani, haiwezi kuwasemea hao wa barabarani, kwani ilipigwa miaka mitano kabla mkataba haujawasukuma huko. Na misafara hiyo ya nchi kavu haikupigwa marufuku na Sultani hadi 1876.